Mlango tunauita barieri, na ufunguo wa rezo hatujui ni wa nani

Hapa Goma mtu akisema "naenda barieri", hakuna anayemuuliza anaenda kufanya nini. Anaenda Gisenyi. Anaenda kuuza, kununua, kusoma, kupima ugonjwa, au kuhudhuria maziko ya ndugu. Kama anatembea kwa miguu na anatoka upande wa Birere, atapita Petite Barrière. Kama ana gari, atapita Grande Barrière, karibu na ziwa. Kabla ya Covid, Petite Barrière peke yake ilikuwa inapitwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao wamama wachuuzi wenye beseni kichwani na mtoto mgongoni. Ni moja kati ya njia za mpaka zinazopitwa na watu wengi zaidi katika Afrika. Na jina lake, ukilitoa katika Kifaransa, maana yake ni kizuizi kidogo.

Kiswahili kina neno lake kwa mahali pa kuingilia na kutokea: mlango. Ukiwa mkubwa ni lango. Lakini sisi wakaaji wa Kivu tumeacha neno hilo nyumbani, na pale tunapoingilia katika nchi ya jirani, pale chakula chetu kinapopita, tumeweka neno la kuzuia. Mtu anaweza kusema ni jambo la lugha tu, wakoloni walituachia. Mimi sikubali. Mwenye kuita mahali "mlango" atauliza nani anashika ufunguo na kwa nini umefungwa. Mwenye kuita mahali hapo hapo "barieri" anauliza swali moja tu: ni ngapi?

Tazama namna neno hilo lilivyoota mizizi. Barieri ni mpaka wa nchi, lakini pia ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili kwenye barabara ya Masisi, na mti uliolazwa njiani Walikale, na kijana mwenye silaha anayesimamisha pikipiki kule Fizi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walichapisha uchunguzi ambamo walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. 798! Nyingine ni za jeshi, nyingine za vikundi vya silaha, nyingine za utawala wenyewe. Mkulima anayeteremsha makala au maharagwe sokoni hatofautishi sana. Kwake zote ni barieri, na zote zinalipisha. Hakuna mtu aliyewahi kuziita milango, na hapo lugha ilisema kweli.

Neno mlango lenyewe ni tajiri kuliko tunavyolitumia. Katika Biblia ya Kiswahili sura zinaitwa milango, na Mkristo wa Bukavu anafungua "Mathayo mlango wa tano" bila kujiuliza mlango huo uko wapi. Mganga anayewaeleza wanawake juu ya kansa anataja mlango wa kizazi. Mwalimu wa shule ya msingi anafundisha milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kule pwani, mlango ni pia tawi la ukoo, watu waliotoka katika nyumba moja. Na jambo hilo halipaswi kutushangaza sisi, kwa maana wanaosema Kinyarwanda na Kirundi wana neno umuryango, ambalo ni mlango wa nyumba na ni familia vile vile. Mababu waliona kwamba watu wanaoingilia pamoja ni watu wamoja. Katika mpira lango lina mlinzi wake, na sote tunakumbuka Kidiaba wa Mazembe akirukaruka kwa makalio mwaka 2010. Kazi ya mlinda lango ni kuzuia, ndiyo, lakini anazuia mpira, hazuii watazamaji kuingia uwanjani.

Wiki zilizopita, katika chumba chetu cha habari, tulibishana juu ya neno moja la Kifaransa linalotumiwa na mafundi wa rezo: pasereli. Kwa Mfaransa, pasereli ni kidaraja cha kupita kwa miguu. Kwa fundi, ni chombo kinachounganisha rezo moja na nyingine, mahali ambapo ujumbe unatoka katika nyumba yako na kuingia katika dunia. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike "daraja". Mwingine alisema "kiungo". Mimi nilishikilia "lango", na katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya neno hilo limekwisha kuzoeleka, hata "lango la malipo" wanalisema. Kisha tukafika kwenye "porti", na hapo mambo yakazidi kuchanganyika, kwa sababu Mfaransa ana porti ya meli na ana porti ya nyumba, na maneno hayo mawili ni ndugu tangu Kilatini. Sisi tuna bandari na tuna mlango, hatuna sababu ya kuchanganya.

Katika kompyuta, porti ni mlango wenye namba. Kila kompyuta na kila simu yenye intaneti inaweza kutumia milango ya namna hiyo zaidi ya 65,000. Barua za mtandao zinapita kati ya mitambo kwa mlango 25. Kurasa za zamani zisizo na ulinzi zinapita mlango 80, na zile zenye ulinzi, zenye alama ya kufuli, zinapita 443. Fundi akitaka kufunga kitu fulani bila kuzima rezo yote, anaweza kufunga mlango mmoja na kuacha mingine. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba hakukuwa na njia ila kuzima yote, ujue alichagua.

Sasa tuje kwenye lango lenyewe, lile ambalo rezo ya Kivu inaingilia. Kongo ina pwani fupi sana, kama kilomita 40 hivi, na pale Muanda ndipo waya wa baharini WACS ulipofika. Ulianza kufanya kazi kwetu mwaka 2013. Mwaka 2023 waya mwingine, 2Africa, ulifikishwa pale pale. Kutoka Goma hadi Muanda ni karibu kilomita 1,900 kwa mstari wa moja kwa moja. Kutoka Goma hadi Mombasa ni karibu 1,200. Ndiyo maana sehemu kubwa ya intaneti yetu upande huu haiji kutoka Kinshasa. Inapita nchi kavu, katika nyaya za Rwanda na Uganda, hadi pwani ya Kenya na Tanzania, ambako nyaya kama Seacom na EASSy zilifika mwaka 2009 na 2010. Picha unayomtumia dada yako aliye Kinshasa inaweza kuvuka mpaka, ifike baharini na kuzunguka dunia kabla ya kuingia kwake. Haionyeshi jeton, haina laissez-passer, lakini imevuka.

Hapo ndipo siasa zetu na waya zetu hazisemi lugha moja. Mchana kutwa tunasikia hotuba juu ya mpaka, na usiku hotuba hizo hizo tunaziangalia katika simu kwa waya unaopita mpaka huo huo. Simlaumu mtu kwa hilo. Jiografia haichagui upande. Lakini mtu anayetegemea lango la jirani anapaswa kulijua, na wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Uvira hawajaambiwa.

Na lango lolote linaweza kuharibika. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika lile bonde refu ambalo mto Kongo umelichimba kutoka mdomo wake kwenda Atlantiki, yalikata WACS pamoja na waya wa zamani SAT-3. Mto wetu wenyewe ulikata intaneti yetu. Machi 2024 nyaya nne zilikatika karibu na Abidjan kwa siku moja. Mei 12, 2024 ikawa zamu ya upande wa mashariki: EASSy na Seacom zilipata hitilafu karibu na Afrika ya Kusini, na kutoka Kenya hadi Rwanda watu walibaki wanaangalia simu zinazozunguka bila kufungua kitu. Siku kama hizo mteja wa Goma anafanya nini? Anazima simu, anawasha. Anatoa kadi, anaipangusa kwa shati, anairudisha. Ananunua tena unite akifikiri zimekwisha. Kampuni ya simu haimwambii kitu, au inamtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kushiriki tombola.

Hayo ni mambo ya bahari. Kuna mengine ambayo ni ya watu. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na SMS pia. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Mshauri wa rais wa wakati ule, Kikaya Bin Karubi, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kusambaa na kwamba usalama wa raia ulikuwa hatarini. Haikuwa mara ya kwanza: Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ilikuwa hivyo hivyo. Na mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma, wakaaji walipitisha siku bila umeme, bila maji na bila rezo, huku kila familia ikitafuta kujua nani yuko hai na nani amekimbilia wapi.

Nitaambiwa kwamba mlango ni lazima ufungwe wakati mwingine. Ni kweli, na hakuna nyumba ya watu wenye akili inayolala wazi. Wakati wa Ebola tulisimama mstari barieri kunawa mikono na kupimwa joto, na hakuna aliyelalamika sana. Agosti 2019, wagonjwa walipoonekana mjini Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache kisha ikafungua. Machi 2020 Covid ilifunga kwa muda mrefu zaidi na wamama wachuuzi waliumia, lakini walijua kwa nini. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa pale Petite Barrière, kamati ya usalama ya jimbo iliamua mpaka ufungwe saa tisa mchana. Mtu aliweza kukasirika, lakini saa aliijua, sababu aliijua, na aliyeamua alimjua.

Kumbuka pia usiku wa Mei 22, 2021. Nyiragongo ililipuka, mbingu ikawa nyekundu, na maelfu ya watu wakashika njia ya Gisenyi na magodoro yao. Usiku ule walipita. Waliokuwa na umri mwaka 2002 walikuwa wamepita namna hiyo hiyo Januari 17. Kwa saa chache barieri ilikuwa mlango, na kuna watu wanaishi leo kwa sababu hiyo.

Rezo haina hata adabu ile ya mpaka. Hakuna ubao unaosema "imefungwa hadi saa fulani". Hakuna ofisa unayeweza kumsogelea na kumwuliza. Unaamka, na haipo. Na tofauti na mwaka 2015, leo si WhatsApp peke yake inayopotea. Tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki za Goma zilifunga milango. Mwalimu anapokea mshahara katika simu, au analetewa na jamaa aliye mbali katika simu. Mama wa soko la Virunga analipa mfuko wa unga kwa simu. Mgonjwa analipa dawa kwa simu, na anakatwa asilimia juu yake na anayetoa noti, kwa sababu noti ni chache. Simu imekuwa mlango wa mwisho wa benki. Kuufunga bila neno ni kufunga soko, famasi na mshahara kwa mara moja.

Nakumbuka pia namna serikali iliyotaka kutuwekea barieri ndani ya simu yenyewe. Septemba 2020 walianza kutukata unite kwa jina la RAM, eti kuandikisha simu zetu. Mtu alinunua unite asubuhi, akakuta sehemu imekwenda. Watu walipiga kelele, wabunge walipiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Kuna waliosema raia wa Kongo hawaelewi mambo ya teknolojia. Walielewa vizuri sana: mtu amesimama mlangoni mwangu na ananiomba pesa za kuingia nyumbani kwangu.

Kuna mlango mwingine, mdogo, ambao unaibia watu wetu kila wiki, na hapa lugha inaweza kusaidia mara moja. Ni ule tunaouita "liyeni", maandishi ya buluu yanayokuja katika makundi ya WhatsApp. "Shirika linaandikisha wahami wapewe msaada, bonyeza hapa." "Kazi za ONU Goma, nafasi 200, bonyeza hapa." Kiswahili cha vitabu kinasema kiungo. Ni neno zuri, lakini halimtishi mtu, kwa sababu kiungo ni kitu kinachounganisha tu. Mimi ningependa wasomaji wa ukurasa huu waanze kusema mlango. Ukibonyeza, umeingia katika nyumba ya mtu. Ni nyumba ya nani?

Jibu limeandikwa katika anwani yenyewe, na kulisoma hakuhitaji diploma. Acha vile vistari viwili vya mwanzo, vinavyofuata https. Tafuta kistari / kinachokuja baadaye, kisha soma kinyumenyume, kutoka kistari hicho kwenda kushoto. Neno la kwanza unalokutana nalo ni kama jina la mtaa: cd kwa Kongo, rw kwa Rwanda, com, org. Neno linalotangulia mtaa huo, likitengwa kwa nukta, ndilo jina la mwenye nyumba. (Katika nchi nyingine mtaa una maneno mawili, kwa mfano co.ke ya Kenya, basi hapo sogea hatua moja zaidi.) Yote yaliyoandikwa upande wa kushoto zaidi ni mapambo, na mwizi anaweza kuweka pale jina la shirika lolote analotaka. Akiweka jina la shirika kubwa mwanzoni na jina lisilojulikana mwishoni, mwenye nyumba ni yule wa mwishoni. Na ile alama ya kufuli ya mlango 443 inasema tu kwamba hakuna anayesikiliza njiani. Haisemi kwamba aliye ndani ni mtu mwaminifu. Kama baada ya kuingia unaombwa namba ya siri ya pesa zako, toka. Hakuna msaada unaohitaji namba hiyo.

Nikirudi kwa walio na funguo kubwa, ninachodai si kikubwa. Nchi ina sheria ya mawasiliano ya mwaka 2020 na ina kodi ya dijitali ya Machi 2023, vitabu viwili vinene. Katika vitabu hivyo au katika amri inayoviongezea, iandikwe kwamba anayefunga rezo atangaze siku ile ile: ni nani ameamua, ni kwa sababu gani, ni eneo gani, ni hadi lini. Itangazwe kwa Kiswahili huku kwetu, si kwa Kifaransa cha Kinshasa peke yake, na isomwe redioni, kwa kuwa simu zitakuwa kimya. Kampuni ya simu, waya ukikatika baharini au njiani, itume SMS moja ya maneno saba: waya umekatika, si simu yako, usinunue unite. SMS hiyo haihitaji intaneti. Na pesa za simu, USSD ile ya nyota na namba, ziachwe wazi hata intaneti ikifungwa, maana ni njia tofauti na fundi anajua kuzitenganisha.

Wanaoshika mji wetu leo, na wanaoushika kutoka mbali, wote wawili wana mkono katika jambo hili, na hakuna upande ambao umetoa ahadi hiyo kwa wakaaji. Kuna wanaosema tusubiri Starlink, kwa kuwa ARPTC iliyoikataa Machi 2024 iliipa ruhusa Mei 2025. Ni mlango wa angani, sawa, na katika vijiji vya Lubero au Shabunda utasaidia. Lakini chombo chake kinauzwa kwa dola, kinataka umeme, na ufunguo wake uko Marekani. Ningependa zaidi kuona Kivu ina nyaya zinazotoka pande mbili au tatu, moja ya Bukavu, moja ya Kasindi, moja ya kushuka Kalemie, ili mmoja ukifungwa mwingine ubaki. Mchuuzi wa Birere analijua hilo tangu zamani. Petite ikifungwa, anazunguka Grande. Grande ikifungwa, anampigia simu shangazi aliye ng'ambo amtolee mzigo mbele ya jua kuzama. Simu hiyo ndiyo tunayozungumzia.